Stesheni wagoni kubwa mashambani: Ipime njia ya nyumbani kabla ya kulipima gari

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, mwezi Oktoba au karibu na hapo, wakulima wa majani chai walio chini ya viwanda vya KTDA hulipwa bonasi. Wiki chache baadaye, vijia vya Kimulot, katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, huanza kuona magari mageni. Mengi huwa madogo. Lakini hazikosekani familia mbili tatu zilizoamua kwamba mwaka huu hazitabanana tena. Hizo huwa zimenunua stesheni wagoni kubwa, gari refu ambalo paa lake hunyooka hadi nyuma na ambalo buti lake humeza mifuko ya mbolea na masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni bila abiria hata mmoja kuombwa ashuke.

Uamuzi huo si wa kubezwa. Gari la familia katika maeneo hayo si pambo. Ndilo ambulensi usiku ambapo mama mjamzito anahitaji kufikishwa hospitalini Litein, Kapkatet au Tenwek. Ndilo linalobeba mbolea, maziwa, kuni na jeneza. Hata hivyo, nimeshuhudia zaidi ya mara moja gari lililokuwa fahari ya boma mwezi Novemba likiwa limeachwa kando ya barabara ya lami ifikapo Aprili, chini ya uangalizi wa mwenye duka, huku mwenyewe akitembea kilomita mbili za matope hadi nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza na gari halikuweza kupita.

Kosa halikuwa ukubwa wa gari. Kosa ni kwamba gari lilichaguliwa likiwa limesimama juu ya lami, na mtu aliyelichagua alijiuliza litabeba watu wangapi, asijiulize litapita wapi. Makala haya yanakusudiwa kumsaidia yeyote anayetafakari kununua gari la aina hiyo, na pia yule ambaye tayari analo na bado anashika usukani kwa hofu.

KIZAZI KILICHOLELEWA NA PEUGEOT

Ukubwa huu si jambo geni nchini. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968. Ile ya kawaida, yenye buti la kufunikwa, ilikuwa na urefu wa mita 4.49. Stesheni wagoni yake ilifika mita 4.80, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ukaongezwa kutoka mita 2.74 hadi 2.90. Nyuma ilikuwa na ekseli moja imara iliyokalia springi nne badala ya mbili, na toleo la familia lilikuwa na safu tatu za viti.

Gari hilo liliunganishwa humu nchini kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika miaka ya 1970 na 1980, kusema "nimekuja na Peugeot" kulimaanisha kwamba ulipanda teksi ya masafa marefu iliyokuwa ikikimbia kati ya Nairobi na miji ya magharibi, mizigo ikiwa juu ya paa na abiria wa nyuma kabisa wakiwa wamekunja magoti hadi kidevuni. Ushindi wa 504 katika mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975, kisha wa 504 ya milango miwili mwaka wa 1978, uliwathibitishia wengi jambo ambalo tayari walilijua kutokana na safari zao wenyewe. Baadaye ilifuata Peugeot 505, iliyozinduliwa mwaka wa 1979. Stesheni wagoni yake ya mwaka wa 1982 ilikuwa ndefu zaidi, mita 4.90.

Ninayataja haya si kwa sababu ya kutamani ya kale. Mtu akiniambia kwamba gari la karibu mita 5 haliwezi kuishi katika vilima vya chai, huwa namkumbusha kwamba liliishi, tena kwa miongo mitatu. Ila liliishi kwa sababu mbili ambazo leo husahaulika. Kwanza, urefu wake ulibebwa na springi ndefu zilizoinyanyua chesisi juu ya mawe. Pili, madereva wake walifunzwa urefu huo kama mtu anavyofunzwa ngoma, hatua baada ya hatua, na mtu aliyekuwa na subira.

Mjomba wangu alikuwa na 504 ya rangi ya maziwa. Aliponifunza kuiendesha, wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kwenda mbele. "Mbele hata ng'ombe anajua kwenda," alikuwa akisema. Nilirudi nyuma tu, kutoka mlango wa ghala hadi kwenye mti wa mparachichi, na kutoka kwenye mparachichi hadi ghalani. Wakati huo niliona ananidhalilisha.

YALIYOPO SOKONI LEO

Anayetaka stesheni wagoni hivi leo anakabiliwa na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la magari madogo ya Kijapani, yaani Toyota Probox, Toyota Succeed, Corolla Fielder, Nissan AD na mengineyo ya jinsi hiyo. Msomaji akiyapima kwa utepe atagundua jambo la ajabu. Karibu yote yana upana wa mita 1.69 au 1.70. Hiyo si sadfa. Sheria za Japani huliweka gari katika daraja la magari madogo iwapo halizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70 na kimo cha mita 2, na injini ya petroli isiyozidi sentimita za ujazo 2,000. Watengenezaji hulisogelea pipa hilo hadi ukingoni, kisha husimama. Vijia vyetu, vilivyochongwa enzi za Land Rover na punda, vinafaidika na sheria iliyotungwa kwa ajili ya vichochoro vya Tokyo.

Probox, iliyozinduliwa mwaka wa 2002, ina urefu wa mita 4.20 hivi, nayo Succeed imeizidi kwa takriban sentimita 10. Kwa familia nyingi za Kimulot, na ninasema hivi bila dhihaka, hilo ndilo gari linalotosha. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mtengenezaji aliiwekea mipaka: kilo 400 za mzigo ikiwa na watu wawili, na kilo 250 iwapo watu ni watano. Hiyo ni mifuko 8 ya mbolea ya kilo 50 kwa watu wawili, au mifuko 5 kwa watu watano. Anayepakia mifuko 15 na watu sita, kama tunavyoona kila siku kwenye barabara ya Kericho kwenda Sotik, anaendesha gari ambalo breki zake hazikuundwa kusimamisha mzigo huo.

Kundi la pili ndilo linalotuhusu hasa, nalo ni la stesheni wagoni kubwa. Humu tunaikuta Subaru Outback, ambayo imekuwa ikinenepa kila kizazi. Ile iliyoundwa kati ya 2003 na 2009 ilikuwa na urefu wa mita 4.73 na upana wa 1.77. Iliyofuata ilifika mita 4.78 kwa 1.82. Ile iliyoanza kuundwa mwaka wa 2014 ina mita 4.82 kwa 1.84. Jambo la kuiokoa ni kwamba tumbo lake liko angalau sentimita 20 kutoka ardhini, na injini yake huendesha magurudumu yote manne. Humu pia mna Volkswagen Passat ya aina hii, yenye mita 4.77, Mazda Atenza yenye mita 4.80, na Mercedes-Benz ya daraja la E, ambayo hukaribia mita 4.90. Hizi tatu ni tulivu na zina buti la kutamanika, lakini ziko chini, kwa kuwa zilitengenezewa lami.

Kundi la tatu ni la wazee: 504 na 505 zilizobaki, pamoja na Legacy, Caldina, Stagea na Mark II Blit zilizoingia nchini zamani. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu mwaka lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza. Caldina, Stagea na Blit ziliacha kuundwa mwaka wa 2007. Kwa hiyo kila moja unayoiona ikiuzwa leo imekwisha kupitia mikono ya Wakenya, labda mitatu au minne, na historia yake iko kwenye chesisi wala si kwenye tangazo. Mlete fundi wako, si wa muuzaji, naye alale chini ya gari.

Ushauri wangu ni mfupi. Kama boma lako liko kandokando ya lami, chagua utakalo, hata Mercedes. Kama kuna kilomita kadhaa za changarawe na vilima kati ya lami na lango lako, Outback au nyingine iliyoinuliwa na kiwanda ndiyo pekee katika kundi la pili ninayoweza kuipendekeza kwa dhamiri safi. Na kama una fundi mzuri karibu, asiyechoka, 505 iliyotunzwa bado ni gari, lakini huyo fundi lazima awepo kabla ya gari.

Neno moja kuhusu injini. Vilima vya Kericho na Bomet viko juu sana, na mji wa Kericho wenyewe uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwani hewa ni nyepesi. Gari refu, lililojaa, lenye injini ndogo, huhisi kama limepungukiwa na moja ya tano ya nguvu zake, na kwa hakika limepungukiwa. Usiamini uzito wa mguu wako ulipolijaribu Mombasa.

NJIA NDIYO INAYOPIMWA KWANZA

Kabla ya kutazama gari lolote, chukua utepe, kijana mmoja na daftari, uanzie pale lami inapoishia. Pima mahali pembamba zaidi. Kwa kawaida si barabara yenyewe bali ni daraja la magogo juu ya mtaro, au pale ambapo michai ya jirani wawili imekaribiana. Kisha pima lango. Gari la upana wa mita 1.84 huzidi mita 2 ukihesabu vioo vya pembeni. Lango la futi 8 ni mita 2.44. Kwa karatasi linapita. Lakini hapo ni iwapo unaliingia moja kwa moja. Iwapo lango limeelekea kijia na inakubidi kukata kona ili uingie, futi 8 hazitoshi, na sababu yake inastahili kuelezwa taratibu, maana ndiyo siri ya magari marefu yote.

Gari linapopinda kona, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele. Hukata ndani. Gari refu likiwa limekunjwa usukani hadi mwisho, gurudumu la nyuma la upande wa ndani hupita karibu mita moja ndani ya pale lilipopita gurudumu la mbele la upande huo huo. Mita moja! Dereva mgeni huona pua yake imeupita mwimo wa lango salama, akapumua, na papo hapo akasikia mlango wa nyuma ukikwaruza. Dawa yake ni kuchelewa. Usikunje usukani pua inapofika kwenye mwimo. Nenda mbele zaidi, hadi bega lako likaribie kuwa sambamba na mwimo, ndipo ukunje.

Wakati huohuo mkia, yaani sehemu iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma, huenda upande wa pili. Ukikunja kulia, mkia huchota kushoto. Katika stesheni wagoni kubwa, mkia huo hukaribia mita moja. Anayeegesha akiwa amebanana na ua, kisha akaondoka kwa kukunja usukani mara moja, hung'oa ua kwa bampa la nyuma na kulaumu ua.

Njia ikishapimwa kwa upana, ipime kwa kimo. Tatizo la vijia vya chai si mashimo, mashimo yanaonekana. Tatizo ni mgongo wa katikati. Malori yanayokusanya majani kutoka vituoni yana magurudumu makubwa, na mvua ikinyesha huchimba mifereji miwili mirefu na kuacha kati yake tuta la udongo na majani. Lori halina habari nalo. Gari lako, likiingia ndani ya mifereji hiyo, hushuka, na tuta hubaki chini ya tumbo likiisubiri sampu ya oili. Ndivyo gari nililolitaja hapo mwanzo lilivyokwama: magurudumu yote manne yakizunguka hewani kama ya mtoto anayechezea gari la waya.

Kadiri ekseli mbili zinavyoachana, ndivyo tumbo linavyozidi kukaribia kilele cha tuta lolote unalolivuka, hata kama sentimita za chini ni zilezile. Kwa hiyo gari refu linahitaji kuinuka zaidi ya gari fupi, wala si sawa nalo. Aidha, stesheni wagoni hulala nyuma inapojazwa. Pima nafasi ya chini ikiwa na watu watano na mifuko minne, usipime ikiwa tupu.

Wapo wanaoinua magari yao kwa kupachika vipande vya chuma juu ya springi. Kuinua kidogo kwa kazi ya fundi anayejua kunasaidia. Kuinua kwa tamaa hubadilisha pembe za maungio ya usukani na ya mihimili ya magurudumu, nayo hufa mapema, mara nyingi safarini.

KUUZOEA MWILI WA GARI

Gari likishafika, usilipeleke Kericho siku ya kwanza. Omba ruhusa ya kutumia uwanja wa shule wakati wa likizo, au sehemu yoyote tambarare isiyo na watu, ukajifunze.

Anza na magurudumu ya mbele. Weka mkebe mtupu chini, ujaribu kuukanyaga kwa gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Watu wengi hukosa kwa sentimita 30 na zaidi, nao ni madereva wa miaka mingi. Ukifaulu mara kumi mfululizo, unajua magurudumu yako yako wapi, na hapo ndipo utaweza kuendesha gurudumu moja juu ya ule mgongo wa katikati na jingine nje ya mfereji, ambayo ndiyo njia ya pekee ya kupita nyuma ya malori ya chai. Mwendo uwe wa pole, usukani usichezechezwe, na usisimame katikati.

Halafu jifunze pua. Simamisha kijiti kirefu, ukisogelee hadi unapodhani umebakisha nusu mita, kisha shuka ukaone. Boneti za magari ya kisasa zimeinama mbele hivi kwamba dereva haoni ncha yake, tofauti na 504 ambayo pembe zake ulikuwa ukiziona. Rudia hadi makisio yako na ukweli vipatane.

Kisha ndipo urudi nyuma. Hapa naomba msomaji avumilie, kwa maana hapa hakuna jambo la rangi na mikwaruzo. Hapa pana watoto.

Weka mtungi wa maji wa lita 20, ule wa manjano, nyuma ya gari, ukigusa bampa. Rudi kwenye kiti chako. Hutauona. Mwambie mtu auburute nyuma polepole mpaka uuone kwenye kioo cha kati, kisha shuka upime kwa hatua. Utakapohesabu hatua hizo, kumbuka kwamba mtungi ule, kwa kimo, ni mtoto aliyechutama akichezea udongo. Katika boma la mashambani, gari linaponguruma watoto hawakimbii mbali nalo. Hulikimbilia. Wajukuu huja kuaga, na yule mdogo zaidi hujiweka nyuma kwa sababu huko ndiko mlango wa buti ulikokuwa wazi dakika moja iliyopita.

Kwa hiyo weka kanuni mbili za nyumbani, na zisivunjwe hata na mwenye gari akiwa na haraka. Ya kwanza ni kwamba gari huegeshwa likiwa limegeuzwa tayari kutoka, ili kurudi nyuma kufanyike wakati wa kuwasili, dereva akiwa ameona boma lote kwa macho yake alipokuwa akiingia. Ya pili, gari halirudi nyuma kabla mtu mzima hajawahesabu watoto kwa sauti na kuwasimamisha mahali anapowaona.

Magari mengi ya Kijapani huja na kamera ya nyuma, pamoja na sauti ya yule bibi wa Kijapani ambaye Wakenya tumezoea kuambiwa naye mambo tusiyoyaelewa. Kamera ni nzuri. Lakini baada ya kilomita mbili za matope ya Kimulot, lenzi yake haioni chochote, na dereva aliyezoea kuitegemea huwa hana tena shingo. Ifute kila mara unapopanda, na ujifunze kana kwamba haipo.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Mwaka niliponunua stesheni wagoni yangu ya kwanza, nilikwenda nayo kuwatembelea wakwe zangu Kimulot. Wakati wa kuondoka, shemeji yangu alijitolea kuniongoza. Alisimama nyuma kabisa ya gari, mahali ambapo sikuweza kumwona, akawa anaita: "Rudi, shemeji, rudi, bado, bado, rudi…" Kisha kukawa kimya, kisha sauti ya plastiki ikipasuka, na maji ya mvua ya wiki mbili yakamwagika hadi mlangoni mwa jiko la mama mkwe. Nilipomuuliza shemeji mbona hakuniambia nisimame, alijibu kwa heshima kubwa kwamba alikuwa akiliangalia gari, hakuwa akiliangalia tangi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na masharti kwa anayeniongoza. Asimame upande wa dereva, mita kadhaa nyuma, mahali ninapouona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Nisipomwona, gari halitembei. Atumie mkono, maana injini huzima sauti. Na ishara ya kusimama iwe ngumi iliyofungwa, si kupunga, kwa kuwa kupunga kunaweza kumaanisha njoo.

Pana hali moja zaidi inayowatia jasho wageni: kukutana na lori la chai kwenye kijia chembamba. Desturi njema, na inayofaa kwa sababu ya ufundi pia, ni kwamba anayepanda kilima akiwa na mzigo asisimamishwe, kwani huenda asiweze kuondoka tena kwenye utelezi. Hiyo ina maana kwamba mara nyingi ni wewe utakayerudi nyuma, pengine mita 50, kati ya kuta mbili za michai. Anayejua kurudi nyuma hutazama vioo viwili vya pembeni kwa zamu, huweka mwanya sawa kila upande na hurekebisha usukani kidogo kidogo. Asiyejua hukunja sana, mkia ukaenda mtaroni, na lori pamoja na majani yake vikangoja. Majani mabichi yaliyoshindiliwa hupata joto na kuharibika, kwa hiyo dakika zako za kujifunza ni pesa za jirani zako.

BUTI SI GHALA

Buti kubwa hualika mizigo, na gari lililojaa si gari lile ulilolizoea. Mbolea ya chai huja katika mifuko ya kilo 50. Mifuko ilazwe chini, ikisukumwa hadi iguse mgongo wa kiti cha nyuma, usawa wa ekseli au mbele yake kadiri inavyowezekana. Ukiipanga mlangoni kwa sababu ni rahisi kuishusha, uzito hukaa kwenye mkia, pua huinuka, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, na taa zako huwapofusha wanaokuja. Chochote kilichopandishwa juu ya mgongo wa kiti, iwe jembe, dumu la maziwa au sanduku la bati, kitaruka mbele ukigonga breki kwa ghafla, na kitawakuta abiria visogoni. Kamba mbili zinatosha kukizuia.

Unapoteremka kutoka vilimani ukiwa umejaza, tumia gia ya chini ili injini ishike mwendo, hata kama giaboksi ni ya otomatiki. Nayo ina nafasi ya kuchagua gia kwa mkono. Breki zinazoshikiliwa kilomita nzima hupata moto na kuacha kushika.

Na watu wasipandishwe butini. Nalijua jibu: mvua inanyesha, mtoto wa jirani anachelewa shuleni, safari ni fupi. Buti halina mkanda wala kiti, na ndilo linalopokea pigo la kwanza gari linapogongwa kutoka nyuma. Anayetaka kubeba watu saba anunue gari lenye viti saba, kama zilivyokuwa Peugeot za familia, kila kiti kikiwa na mkanda wake.

Mwisho, kabla ya kulipa hata shilingi, fungua sakafu ya buti. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayaji na tairi ya akiba. Badala yake kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo inafaa kwa tundu la msumari kwenye lami, wala haisaidii chochote jiwe la changarawe linapopasua ubavu wa tairi saa tatu za usiku, kati ya Mogogosiek na Kimulot. Hakikisha kuna nafasi ya tairi kamili, nunua moja ya saizi ileile, na ongeza ubao mnene wa kuwekwa chini ya jeki, la sivyo jeki yenyewe itazama matopeni kabla gari halijainuka.